Kutoka Orodha ya Mamboya hadi Simu ya Magole

Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma hupita katika tambarare za kaskazini mwa Wilaya ya Kilosa, na katika tambarare hizo ndipo ilipo Magole, jirani na Dumila. Hapo tawi la barabara hujitenga, likashika njia ya Turiani na kuendelea hadi Handeni. Watu wa Magole ni wakulima wa mahindi na mpunga, na wafugaji, na wachuuzi wanaoishi kwa fadhila ya barabara. Kwa kuwa wako njiani, kila siku hupitiwa na maandishi: ubavuni mwa malori, juu ya mifuko ya mbegu, kwenye chupa za dawa ya kuulia wadudu, kwenye pakiti za vidonge vya homa. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Msomaji wake ni mtu ambaye Kikaguru au lugha nyingine ya nyumbani ni lugha yake ya kwanza, Kiswahili ni ya pili au ni sawa na ya kwanza, na Kiingereza ni mgeni asiyebisha hodi.

Katika miaka ya karibuni mgeni huyo ameingia mifukoni. Kijana mwenye simu ya mkononi iliyo na intaneti aweza kupata programu ya kujifunza maneno ya Kiingereza ya kila siku. Programu humwonyesha picha ya kikombe, humsomea jina lake kwa sauti, humtaka achague jibu moja miongoni mwa manne, humsifu akipata na humrudishia swali akikosa. Maneno hupangwa kwa mafungu: ya jikoni, ya nguo, ya viungo vya mwili, ya safari. Wengi hulitazama jambo hili kuwa ni upya mtupu. Lakini hakuna kipya kisicho na mzee wake. Orodha ya maneno ya kila siku, yenye Kiingereza upande mmoja na lugha ya wenyeji upande wa pili, iliandikwa katika nchi hii hii ya Kilosa zaidi ya miaka 140 iliyopita; na aliyeiandika hakuwa mwanafunzi wa Kiingereza, alikuwa Mwingereza.

Katika milima ya Ukaguru, upande wa magharibi wa tambarare za Magole, kuna mahali paitwapo Mamboya. Wamisionari wa Kiingereza wa chama cha CMS walipiga kambi yao hapo karibu na mwaka 1880, na mmoja wao alikuwa Joseph Thomas Last. Mwaka 1885 kitabu chake kilipigwa chapa London kwa jina la Polyglotta Africana Orientalis. Kilikuwa na maneno na sentensi 250, kila moja ikifasiriwa katika lugha na lahaja 48 za nchi zilizo kusini mwa ikweta. Mwaka uliofuata, 1886, alitoa sarufi ya Kikaguru. Kazi ya namna hiyo haina njia nyingine ila moja: mgeni huketi na mwenyeji, akaonyesha kitu kwa kidole, akauliza jina lake, akasikiliza, akakosea, akasahihishwa, ndipo akaandika. Kila neno lililomo katika safu ya Kikaguru lilitoka kinywani mwa mtu. Jalada la kitabu lina jina la Last peke yake, lakini walimu wake walikuwa watu wa milima hiyo.

Yafaa kuikumbuka orodha hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ilitungwa kwa haja ya mtungaji. Mtu aendaye nchi ya ugenini kuhubiri na kusafiri huhitaji kwanza maneno ya maji, moto, njia, chakula na hesabu, na maneno hayo ndiyo yaliyo mwanzo wa orodha zote za aina hiyo. Ya pili ni kwamba Mwingereza ndiye aliyekuwa mwanafunzi na Mkaguru ndiye aliyekuwa mwalimu. Katika historia ndefu iliyofuata uhusiano huo ulipinduliwa: mwenyeji akawa mwanafunzi wa milele, na haja iliyotungiwa orodha ikabaki kuwa haja ya mtu mwingine.

Mwaka ule ule wa 1885 ulikuwa na mambo mengine. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alikuwa amepita katika nchi ya Usagara, ambayo Kilosa ni sehemu yake, akitia watu sahihi katika karatasi walizokuwa hawawezi kuzisoma. Mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikampa hati ya ulinzi. Basi Kiingereza kilichokuwa kimeanza kuchungulia Mamboya kikasukumwa pembeni. Wajerumani walichagua Kiswahili kiwe lugha ya utawala wao wa chini, wakafungua shule za kuandaa makarani na maakida. Na hata neno lenyewe shule ni ukumbusho wao, kwa maana limetoka katika lugha yao. Neno moja la Kijerumani lilibaki katika vinywa vya watu wote kwa kuwa lilikuwa na nyumba, mlango na benchi. Kitu chenyewe kilisimama kijijini, nalo likasimama nacho.

Majeshi ya Waingereza yalipoingia Kilosa mwezi Agosti 1916, Kiingereza kilirudi, na safari hii kilirudi kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza ilikuwa kazi. Reli ya kati, ambayo ilifika Kigoma mwaka 1914, ilipita Kilosa na Kimamba. Kando yake mashamba makubwa ya mkonge yalienea Kimamba, Rudewa na kwingineko wilayani. Watu waliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge, wakaandikwa kwa tarakimu badala ya majina, nao wakaitwa manamba. Asili ya neno hilo ni neno la Kiingereza la tarakimu. Hakuna mwalimu aliyelifundisha, wala hakuna kitabu kilicholitafsiri. Lilifundishwa na maisha yenyewe, na ukali wa maisha hayo umo ndani yake hata leo. Vivyo hivyo tikiti na stesheni, injini na breki, bili na risiti. Maneno haya yaliingia yakakaa, yakavaa irabu za Kiswahili, yakazaa wingi na vitenzi, na mwisho yakaacha kujulikana kuwa ni wageni. Mkulima wa Kilosa ambaye angeapa kwamba hajui Kiingereza alikuwa akiyatumia tangu asubuhi hadi jioni.

Njia ya pili ilikuwa shule. Katika madarasa ya chini watoto walifundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kilingoja katika madarasa ya juu, ambako wachache tu walifika. Aliyefika alikipata Kiingereza kwa orodha: maneno upande wa kushoto, maana upande wa kulia, yakaririwe usiku yatajwe asubuhi. Orodha hizo zilikusudia kumtoa karani, mkalimani na mwalimu. Maneno yake yalikuwa ya ofisini na ya kitabuni, na mwenye kuyajua alipata mshahara, kiti na heshima. Hapo ndipo Kiingereza kilipoanza kupimwa kama mali. Neno lililopatikana mashambani halikuhesabiwa kuwa Kiingereza hata kidogo, ilhali lililokaririwa shuleni lilihesabiwa hata kama mwenye nalo hakupata kulisema maishani mwake nje ya darasa.

Wakati huo huo kazi ya kuhesabu na kuchuja maneno ilikuwa ikiendelea kwingineko. Mwaka 1930 C. K. Ogden alitangaza kule Uingereza Kiingereza chake cha msingi chenye maneno 850. Mwaka 1953 Michael West, ambaye alikuwa amefundisha miaka mingi Bengal, alitoa orodha ya maneno kama 2,000 yaliyochaguliwa zaidi kwa wingi wa kutumika kwake. Walimu wa lugha wamekubaliana kwa muda mrefu kwamba mtu ajuaye maneno hayo atakutana nayo kadiri ya mara nane katika kila maneno kumi ya maandishi ya kawaida. Hesabu hiyo ndiyo mhimili wa programu nyingi za simu za leo: maneno machache yatumikayo sana hutangulia, na mengi yatumikayo kwa nadra huahirishwa. Ni hesabu ya haki, lakini ina upande wa pili. Nane kwa kumi ni mengi, ila mawili yaliyobaki katika kila kumi ndiyo mara nyingi yabebayo habari. Katika maelezo ya chupa ya dawa ya shamba, neno la maji na neno la mkono yamo miongoni mwa yale nane. Neno la sumu na neno la kuzimua huenda yakawa katika yale mawili.

Kamusi nazo zina historia ya kufanana na hiyo. Askofu Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, A. C. Madan alitoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894. Na kamusi sanifu ya Kiingereza kwa Kiswahili iliyoanzishwa na Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ilitoka mwaka 1939 baada ya yeye kufariki. Vitabu hivi vilikuwa vya manufaa makubwa, lakini mtumiaji aliyefikiriwa kwanza na watungaji wake alikuwa Mwingereza anayejifunza Kiswahili, wala si mtoto wa Magole anayejifunza Kiingereza. Ilikuwa mpaka mwaka 1996 ndipo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili iliyomkusudia msemaji wa Kiswahili. Baina ya Steere na kamusi hiyo ni miaka 126.

Baada ya uhuru Tanzania ilifanya jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazikulithubutu. Mwaka 1967, mwaka wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia masomo yote katika shule za msingi za serikali. Faida yake haina mshindani: watoto wa makabila yote walifunzwa hesabu na maarifa kwa lugha waliyoielewa. Sekondari, hata hivyo, ilibaki katika Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta, iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, ilishauri Kiswahili kiendelee hadi sekondari na vyuo. Serikali haikulitekeleza shauri hilo. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilizitaja lugha zote mbili, na bado mwanafunzi wa sekondari ya serikali aliendelea kufanya mitihani ya biolojia, historia na hesabu kwa Kiingereza.

Kwa hiyo kati ya shule ya msingi na sekondari pana korongo. Zamani korongo hilo lilivukwa na wachache, waliochujwa kwa mtihani mgumu na kupelekwa shule za bweni zenye vitabu na walimu. Mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulijenga shule za kata mahali pengi, na tangu mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Milango ikafunguliwa, jambo la kushukuriwa. Lakini watoto wengi walioingia kwa mlango huo walikuta ndani kunasemwa lugha nyingine. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani kwa kueleza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula huwa bubu mwezi mmoja baadaye, kwa sababu mmea umebadilishwa jina, chakula kimebadilishwa jina, na jua pia. Majuma machache ya matayarisho mwanzoni mwa kidato cha kwanza hayatoshi kulijaza korongo lililochimbwa kwa miaka saba. Mzazi wa Magole ajuaye haya hununua simu, au humwazima mtoto simu yake jioni, akitumaini kwamba programu itakuwa daraja. Hapo jambo lililoonekana kuwa mchezo wa vijana linakuwa suala la riziki na heshima ya mtoto.

Simu yenyewe haikuja kama mwalimu. Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi ilianza Tanzania katikati ya miaka ya 1990. Vodacom ikafuata mwaka 2000. Na mwaka 2008 huduma ya kutuma fedha ya M-Pesa ilifika nchini. Kabla ya programu yoyote ya lugha, simu ilikwisha kufundisha maneno kwa njia ya mkonge na reli: vocha, laini, meseji, chaji, bando. Mwanamke muuza nyanya aliyeanza kupokea malipo kwa simu hakuhitaji orodha ili ajue vocha ni nini. Maneno hayo yalikuja yameshikana na haja, na katika muda mfupi yakawa ya Kiswahili.

Kisha zikaja programu zenyewe. Mwaka 2009 Google ilikiingiza Kiswahili katika huduma yake ya kutafsiri. Duolingo, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2012, ilitoa kozi ya Kiswahili kwa wasemao Kiingereza mwaka 2017. Njia ya Last ikaonekana tena, Mwingereza na Mmarekani wakijifunza neno la maji kwa lugha yetu. Kwa upande wa wajifunzao Kiingereza zimetokea programu nyingi, nyingine zikieleza kwa Kiswahili, nyingine zikitumia picha tu, nyingine zikifanya kazi hata intaneti inapokosekana baada ya kuhifadhiwa katika simu. Ubora wake haulingani.

Nguvu ya programu hizi imo katika kurudia kwa mpango, na mpango huo una asili yake. Katika mwaka ule ule wa 1885 ambao Last alipiga chapa orodha yake, mtaalamu wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya kumbukumbu. Alikuwa amejijaribia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kupima ni kiasi gani kilichopotea baada ya saa, siku na majuma. Aliona kwamba kusahau huwa kwa kasi mwanzoni, kisha hupungua mwendo; na kwamba kurudia kulikogawanywa katika siku mbalimbali hushinda kurudia kwingi kwa siku moja. Mwaka 1972 mwandishi mwingine wa Kijerumani, Sebastian Leitner, aliligeuza jambo hilo kuwa kasha la kadi: neno lililojibiwa vyema husogezwa fungu la mbele na kuulizwa baada ya muda mrefu zaidi, lililokosewa hurudishwa fungu la kwanza. Programu nyingi za simu ni kasha hilo lililotiwa sauti na picha. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ebbinghaus alionyesha kwa vipimo kwamba kibaba hicho huvuja, na kwamba busara ni kujua lini kirudiwe kujazwa.

Nguvu ya pili ni sitara. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, anayetamka neno vibaya huchekwa, naye huamua kunyamaza mwaka mzima. Simu haicheki. Mtu mzima aliyeacha shule darasa la saba, ambaye asingethubutu kuketi na watoto, aweza kukosea mara 20 peke yake chini ya mwembe bila kupoteza heshima yake mbele ya mtu. Nguvu ya tatu ni sauti. Orodha ya zamani ilikuwa bubu. Mwanafunzi aliisoma kwa matamshi ya Kiswahili, akashangaa baadaye kwa nini Mwingereza haelewi. Simu humpa sikio.

Je, simu yaweza kufundisha mahali pasipo na mwalimu? Ushahidi wa karibu upo Mkoa wa Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika mashindano ya kimataifa yaitwayo Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 3,000 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajapata kuingia shule. Mwanzoni zaidi ya tisa kwa kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Tuzo iligawanywa mwezi Mei 2019 baina ya onebillion na Kitkit School. Matokeo hayo si madogo. Lakini sharti itazamwe lugha iliyotumika: ilikuwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto aliisikia kwa mama, kisimani na uwanjani. Kishikwambi kilimfundisha herufi za maneno aliyokwisha kuwa nayo. Mtoto wa Magole ajifunzaye Kiingereza hupewa neno ambalo, akizima simu, hakuna wa kumwitikia.

Huo ndio udhaifu wa kwanza wa programu, na ni udhaifu wa upweke. Maneno ya manamba na vocha yalikaa kwa kuwa kila siku kulikuwa na mtu wa pili wa kuyasema. Neno lililojifunzwa chini ya mwembe lisiposemwa na mtu wa pili huvuja, hata kama kasha la Leitner limepangwa vyema namna gani.

Udhaifu wa pili ni kwamba orodha ni ya mji wa watu wengine. Programu nyingi hufundisha mapema maneno ya theluji, ya ngazi za umeme na ya chumba cha hoteli, kwa sababu aliyefikiriwa ni msafiri. Nenda nayo Magole uone. Programu huonyesha sahani na kusema kwamba hicho ni 'rice'. Mtoto wa mkulima ana maneno matatu hapo: mpunga ukiwa shambani, mchele ukiwa guniani, wali ukiwa sahanini, na wazazi wake hupata hasara au faida kutokana na tofauti ya maneno hayo mawili ya kwanza. Programu haimwambii kwamba Kiingereza cha kila siku huviita vyote vitatu kwa neno moja. Yeye hujifunza kwamba 'rice' ni wali, na siku atakaposoma kitabu cha kilimo ataona ajabu kwamba wali hupandwa. Vivyo hivyo mjomba na baba mdogo, ambao katika ukoo wa Kikaguru, unaohesabiwa kwa upande wa mama, hawana cheo kimoja hata kidogo, hutiwa katika kikapu kimoja cha 'uncle'. Na saa ndizo zenye hatari kuliko vyote. Programu ikifasiri saa moja asubuhi neno kwa neno, bila kueleza kwamba Mwingereza huhesabu saa tangu usiku wa manane na Mswahili tangu macheo, itampotezea mtu basi, au usaili wa kazi. Mambo haya hayarekebishwi kwa picha nzuri zaidi. Hurekebishwa na mtu ajuaye lugha zote mbili na mahali penyewe.

Kwa kweli hapo ndipo Last wa mwaka 1885 alipokuwa mbele ya mtungaji wa programu wa leo. Maneno yake yalikuwa 250 tu, chombo chake kilikuwa kalamu, na kusudi lake lilikuwa lake. Lakini aliketi na watu wa mahali pale. Alipoonyesha nafaka, palikuwa na mtu wa kumwuliza: nafaka ipi, ya shambani au ya chunguni? Sahihisho hilo ndilo linalokosekana pale orodha inapotungwa katika mji wa mbali na kutumwa kwa mamilioni ya watu kwa pamoja.

Dawa yake haiko mbali wala haihitaji fedha nyingi. Programu nyingi za kadi huruhusu mtumiaji atie maneno yake mwenyewe na sauti yake mwenyewe. Mwalimu wa Kiingereza wa shule ya kata, pamoja na mwenzake wa Kiswahili, waweza kutunga orodha ya Magole: maneno yaliyomo katika mifuko ya mbegu na chupa za dawa zinazouzwa sokoni, maneno ya kadi ya zahanati, maneno ya stendi, maneno ambayo mgeni aendaye mbuga ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 katika pembe ya wilaya hiyo hiyo, humwuliza kijana anayemwongoza, na juu ya yote, maneno ya kurasa za kwanza za vitabu vya kidato cha kwanza, yale mawili katika kila kumi. Maneno 500 ya namna hiyo, yakirudiwa kwa mpango wa kasha na kisha yakasemwa na wanafunzi wawili wawili, yatamfaa mtoto huyo kuliko 2,000 yaliyochaguliwa kwa ajili ya abiria wa ndege.

Kazi hiyo yahitaji pia ukweli juu ya mpaka wake. Programu ya maneno haitalifuta korongo ambalo Tume ya mwaka 1982 ililiona. Kumwachia mtoto wa miaka 14 na simu ya mzazi wake deni ambalo taifa limelibeba tangu mwaka 1967 si haki. Swali la lugha ya kufundishia sekondari litajibiwa na watu wazima, kwa sera na kwa vitabu. Lakini mtoto aliye darasani leo hawezi kungoja jibu hilo. Mtihani wake una tarehe.

Tangu Mamboya hadi Magole, Kiingereza kimekuja katika nchi ya Kilosa kwa orodha nyingi, na kila orodha imedumu kwa kadiri ilivyojibu haja ya mtu aliyeishika. Maneno ya mkonge yalidumu kwa uchungu, ya reli kwa mwendo, ya simu kwa fedha. Ya shuleni yalidumu kwa wale waliopata wa kuzungumza nao, yakawatoka waliobaki peke yao. Orodha iliyomo leo katika simu ya kijana wa Magole itapimwa kwa kipimo hicho hicho. Jioni moja mkulima atashika chupa ya dawa ya shamba na kumwuliza mwanawe maandishi yale madogo yanasema nini. Na mtoto akiweza kumjibu kwa Kiswahili sahihi, orodha itakuwa imefanya kazi yake.